Saa Saba na Nusu, Mabela

Kwao magharibi imeshaingia,
kwetu wali bado unafuka moshi.
Jumapili, watu wako kazini;
nyumbani tumebaki watatu:
mimi niliyetoka zamu ya usiku hospitali,
Azzan ambaye hajaanza shule,
na Bi Thuwaiba, kwenye godoro lake chini ya kiyoyozi.

Simu tunaiegemeza kwenye chupa ya chai.
Kule Nagoya kaka yangu Muadh
anaielekeza yake kwenye televisheni ya mwenye nyumba,
bibi mmoja tunayemjua kwa kikohozi tu.
Picha inatikisika. Kisha hao:
baba asahauye mwavuli,
mama na kikapu cha vitunguu,
watoto watatu, shangazi asiyeolewa,
na mbwa aliyelalia viatu vya watu mlangoni.
"Ndo maana hawaswali hawa," anasema Bibi,
kila Jumapili, kama jambo jipya.

Mtoto wa kati yuko darasa la tatu.
Alikuwa darasa la tatu mama yangu alipokuwa darasa la tatu.
Jino lake la mbele linalegea tu, halidondoki.

Lugha yao hatuijui hata ya kuombea maji.
Bibi ndiye anayewasemea.
"Mama anauliza, mshahara umekwenda wapi?
Baba anajibu, kamuulize Mpemba wa dukani.
Shangazi anasema, msipige kelele, ukuta una nyufa,
jirani Bi Mkasi anahesabu mikwaruzo ya sufuria zetu."

Bi Mkasi hayumo kwenye picha.
Wala ukuta hauna ufa, nimeutazama sana.
Lakini hivyo ndivyo nilivyoijua nyumba ya Wete:
chumba kwa chumba, robo saa kwa wiki,
kwa midomo ya watu waliochorwa.
Ukimuuliza wazi anakwambia, "Nyumba ilikuwa nyumba,"
kisha anaomba dawa ya macho.
Alikuja na mbuzi ya kukunia nazi
katika mji usio na mnazi.
Ipo juu ya kabati. Haiguswi.

Jumapili moja baada ya Idi
mama wa katuni akafungua mdomo,
na Bibi, ambaye macho yake siku hizi
hayamtofautishi Azzan na mto,
akaweka tonge sahanini.
"Huyu siye."
Siye nani, Bibi? Ni yule yule, aproni ile ile.
"Nakwambia siye. Wamemtia mtu mwingine ndani."

Muadh aliuliza. Kikohozi kikanyamaza kidogo,
kisha maneno mengi, taratibu.
Ni kweli, alisema Muadh:
aliyekuwa akimsemea yule mama
tangu katuni haina rangi,
amefariki mwezi uliopita, ana miaka tisini.
Sisi wote wenye macho hatukusikia kitu.

Bibi alikaa kimya mpaka mbwa akapita.
Kisha akasema, "Maskini. Kazi ile inachosha koo,"
na tonge lake akalirudia.

Juzi lake limekauka.
Vumbi la Mabela, asema daktari; mimi nimeshayasoma majibu.
Mchezo ulipoanza akanipungia mkono: sema wewe.
Mama akafungua dirisha, akapanua kinywa.
Nikasema, "Yala, watoto, bisuraa, chakula!"

Bibi hakugeuka.
"Huyu siye," alikwaruza.
Azzan akacheka mpaka akapaliwa na mchuzi.
"Punguza Kiarabu. Huyo mama hajavuka bado.
Na usimkimbize, nazi ndo kwanza anaichuja."

Nikaimeza yala yangu.
Nikavuta pumzi, nikaliita jina la mtoto
kwa ile "weee" ndefu inayopinda mwishoni,
na yule wa darasa la tatu
akageuka, akaja.